Anza kwa Mjomba

Soko la Sabasaba siku ya Jumamosi halina adabu, nani hajui hapa Mtwara? Utakanyagwa, utasukumwa, utaitwa "mrembo" na mtu ambaye hata usoni hajakutazama, na usipokuwa makini utarudi nyumbani na suruali ya mtu mnene. Ni katika vurugu hizo, mbele ya turubai la Saidi muuza viatu vya mitumba, ndipo mkono wa Faraji uliposhika buti la kushoto na mkono wa Mwanaidi ukashika la kulia.

Ilikuwa jozi moja tu, ngozi ya kahawia, soli nene, kamba bado mpya.

"Samahani dada," Faraji akasema, "hizi nimeziona mimi kwanza."

"Umeona moja. Na mimi nimeona moja. Basi kila mtu achukue lake aende."

Faraji alikuwa Mrangi wa Kondoa, dereva wa kreni pale bandarini, kijana mrefu aliyependa mashati yaliyopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Mwanaidi alikuwa Mmakonde wa Newala, mpima macho katika duka la miwani mjini. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani na mtandio wa rangi ya maziwa, na jicho lake, jamani, lilikuwa jicho la kumpima mtu kweli kweli.

"Lakini hizi ni za kiume. Tazama namba."

"Mguu wangu unaijua namba yake," akajibu. Akavua kandambili, akatumbukiza mguu. Ukaingia, ukatulia.

"Mh! Mguu wote huo ni wako?"

"Nimerithi kwa bibi. Kwetu bibi zetu walikuwa wanashuka mlima kuchota maji bondeni, wanapanda na ndoo kichwani. Kwa mguu wa kisahani ungefika?"

Watu wakacheka. Faraji, aliyezoea kuitwa fundi na wenzake, akamgeukia muuzaji. "Mjomba, hebu amua wewe. Mjomba, si ni mimi niliyetangulia?"

"Na usimwite mjomba," Mwanaidi akamkata.

"Kwa nini? Si lugha tu ya mtaani?"

"Mjomba ni mtu mkubwa. Huyu anauza viatu."

"Nashukuru sana," akasema Saidi, mtu mnene mwenye kipara kinachong'aa jasho. "Haya semeni, nani anazitaka za nini?"

Faraji alizitaka za kazini. Mwanaidi alizitaka za matembezi: walikuwa na kikundi cha watu wa mjini, walimu, wauguzi, hata Saidi mwenyewe alikuwemo, na kila mwaka kikundi kilikwenda Newala kushuka ukingo wa Shimo la Mungu hadi bondeni na kupanda tena siku hiyo hiyo. Saidi akaamua buti ziende mlimani. Faraji akaliachia la kushoto, ila kwa sharti.

"Nipe namba yako ya simu. Niwe nauliza hali ya buti langu."

"Buti lako!" Mwanaidi akacheka. Lakini namba akatoa.

Jioni ile ile simu ikaita.

"Haloo. Naongea na Kulia?"

"Kulia nani?"

"Mwenye buti la kulia. Mimi Kushoto. Kulia wangu hajambo?"

"Hajambo, ila anauliza Kushoto amekula nini, maana sauti yake ina njaa."

Ndivyo yalivyoanza. Kulia na Kushoto, asubuhi, mchana na jioni. Faraji akiwa juu kwenye kreni, akisubiri meli ya korosho ifunguliwe, alikuwa akimpigia kumweleza bahari ina rangi gani. Mwanaidi naye alimweleza ni mzee gani leo amevaa miwani kwa mara ya kwanza akagundua mkewe ana mvi. Jioni walikaa Ufukoni kwenye benchi la mama muuza ming'oko, wakimenya vile vimizizi vya moto na kuvichovya kwenye chumvi ya pilipili, hadi vidole vikawasha.

Faraji aligundua jambo dogo ambalo lilimfurahisha. Mwanaidi alisema Kiswahili kilichonyooka, cha dukani. Lakini moyo ukichemka, kwa hasira au kwa raha, M yake iligeuka N. "Ntu wewe!" angesema, akimpiga kibao cha begani. Faraji akawa anamchokoza makusudi ili aisikie.

Sasa sikiliza walipoharibikiwa.

Siku moja Faraji alimpigia akiwa kazini. "Kulia, nimechoka kukusindikiza hadi kona ya kwenu narudi peke yangu. Nataka nije kwenu kwa heshima."

Kisha sauti yake ikaja laini. "Basi anza kwa mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Anza kwa mjomba, Faraji, usi..." Meli ikapiga honi, na yaliyofuata Faraji hakuyapata. Alipompigia tena, Mwanaidi alikuwa na mteja.

Faraji akawaza kwa akili ya Kondoa. Kwao mjomba ni mtu wa kuchangia harusi, kubeba zawadi na kula vizuri. Neno la binti liko kwa baba. Na huyo mjomba aliyewahi kumtaja, si anakaa huko bondeni chini ya Newala? Baba mtu, Mzee Hashimu, yupo hapa hapa Ufukoni. Nitamrukaje mzazi nimwendee mjomba? Akaona ni kukosa adabu. Basi kwa nia njema kabisa, na nia njema imeshavunja nyumba nyingi, akawaomba wazee wawili wa msikitini waende kwa Mzee Hashimu kuposa.

Mzee Hashimu, mtu mpole asiyependa ugomvi, alishtuka. Akawamiminia kahawa, akawatolea tende, akasema, "Nimesikia." Wazee wakarudi wakitabasamu. Kabla ya Isha habari ilikuwa imepita Nanyamba na Tandahimba ikafika bondeni.

Kesho yake, Faraji akiwa juu kwenye kreni, simu ikaita. Faraji akapokea akicheka.

"Kulia wangu! Umesikia?"

"Usiniite Kulia. Nimelia vya kutosha leo."

"Kuna nini, mpenzi?"

"Nilikwambia uanze kwa nani?"

"Mjomba yuko mbali, nikaona baba..."

"Baba!" M zote sasa zilikuwa zimekwisha. "Baba hana neno juu yangu, na mwenyewe anajua, alimimina kahawa kwa aibu tu! Sisi kwetu ntoto ni wa upande wa mama. Mama yangu alikufa nikiwa bado nalala ngongoni. Baba akaja huku njini Ntwara, akaoa. Aliyenibeba, aliyenilea, aliyeniuguza surua, ni njomba Ismaili. Wewe umepita juu ya kaburi la mama yangu ukaenda kugonga kwa baba, kana kwamba nilikotoka hakuna ntu!"

"Sikujua, Mwanaidi. Wallahi sikujua."

"Nilikwambia. Hukutaka kujua. Njomba amezima simu. Amesema nimeshaolewa, yeye haulizwi." Akakata.

Faraji alibaki juu kwenye kreni na simu mkononi. Chini wenzake walimpungia mikono kontena lisogee, naye hakuwaona. Sasa alimjua vizuri yule aliyekuwa akimpoteza, na alijua pia kwamba amempoteza kwa neno moja alilokuwa akilitupa sokoni bure bure, kwa kila muuza nyanya.

Alipiga, hakupokelewa. Alipita dukani, akaambiwa anapima mtu. Mwishowe alikwenda kwa Saidi.

"Jumapili tunakwenda Newala," Saidi akamwambia, akipangusa viatu. "Na yeye yumo. Anasema akifika bondeni atakwenda kumpigia mjomba wake magoti. Nafasi moja kwenye Coaster ipo."

"Nami nitashuka kwa mjomba."

"Una viatu?"

"Nina raba. Na mimi nimezaliwa kwenye mawe, Kondoa yote ni mawe."

"Haya, mtoto wa mawe," akasema Saidi.

Newala asubuhi ya Julai ina baridi ya kukunja vidole. Upepo wa uwandani ulikuwa ukivuma na harufu ya maua ya mikorosho ilikuwa imejaa njia nzima. Mwanaidi alikuwa amevaa sweta jeusi, suruali chini ya gauni fupi la kitenge, mtandio umefungwa kilemba, na buti zile. Alimwona Faraji akishuka garini. Akamsalimia kama anavyosalimiwa mteja.

"Habari za asubuhi."

"Nzuri, Mwanaidi. Nina..."

"Tutembee," akasema, akatangulia.

Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla. Ukisimama unaona bonde lote chini, misitu, mashamba ya muhogo, na mbali kabisa mstari wa Ruvuma uking'aa, na ng'ambo yake Msumbiji. Watu wote hunyamaza pale, hata wale wenye simu za kupigia picha. Kisha njia inaanza kushuka, nyembamba, mawe makubwa ya kukanyaga na madogo ya kukuangusha, mizizi ya kushika, na kwingine hakuna cha kushika ila kumtaja Mungu.

Faraji, mtu anayekaa juu kuliko minara yote ya Mtwara siku nzima, alikamata kila mzizi kwa mikono miwili. Kreni ina kiti. Huku ulikuwa mguu wako na jiwe tu. Mbele yake Mwanaidi alishuka upande upande, kisigino kwanza, bila kuharakisha, na kila alipogusa jiwe fulani lililolainika alilipapasa kidogo kwa kiganja. Faraji alitaka kumuuliza kwa nini. Akaogopa.

"Mawe haya yamesuguliwa na miguu," Saidi akamwambia kutoka nyuma, akihema. "Mama zao. Kila siku, chini na juu, kwa ajili ya ndoo moja ya maji. Mimi nikishuka hapa huwa sisemi tena kwamba kazi yangu ngumu. Naisema tukifika nyumbani."

Jua lilipanda, baridi ikaisha, masweta yakafungwa viunoni. Walitembea, wakapumzika, wakatembea. Nusu ya njia soli ya raba ya Faraji ilianza kufungua mdomo. Akaifunga kwa kitambaa asiseme kitu.

Walifika bondeni adhuhuri. Kundi likabaki kisimani kusali na kula. Mwanaidi akashika njia ya shamba, Faraji na Saidi nyuma yake, hadi nyumba ya matofali yenye bati jipya. Mke wa mjomba alitoka na unga wa muhogo mikononi, akamkumbatia mwanawe, akawatazama wanaume wawili waliojaa vumbi.

"Shikamoo mama," wakasema wote.

"Marahaba. Poleni na njia. Mnamtafuta mzee?" Akauma mdomo asicheke, akashindwa. "Aliposikia mnashuka, alipanda pikipiki alfajiri, akazunguka kwa barabara. Yuko Newala juu! Anasema hataki kukutwa amekaa huku kama ntu anayesubiri kuombwa."

Saidi akakaa chini palepale. "Ya Rabi! Yaani tulikuwa naye kule juu?"

Faraji hakucheka. Alitazama ukingo walikotoka, mawe meupe mbali juu, akahisi machozi ya uchovu. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi tupande."

Mwanaidi akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama sawasawa.

Walikula ugali wa muhogo kwa samli ya maneno ya mke wa mjomba, wakanywa maji, wakaanza kupanda. Kupanda ni kwingine. Kushuka unaogopa, kupanda unafikiri. Saidi akawaachia nafasi. "Nitangulieni, mimi gari la mizigo."

Walipanda mpaka soli ya Faraji ilipokatika kabisa, ikabiringika kwenye mawe, ikaenda zake Ruvuma. Akabaki na mguu wa soksi juu ya jiwe la moto.

"Mtoto wa mawe," Mwanaidi akasema.

"Saidi ana mdomo."

Mwanaidi akakaa, akafungua kamba za buti, akazivua zote mbili, akamsukumia. Akatoa kandambili kwenye mkoba.

"Hapana, Mwanaidi. Wewe utapandaje?"

"Kama bibi yangu. Vaa. Usidhani nakupa kwa mapenzi. Nakupa kwa sababu siwezi kukubeba."

Akavaa. Zilimkaa sawasawa, na zilikuwa bado na joto la miguu yake. Faraji akashindwa kujizuia.

"Nilikukosea. Sikudhani mjomba ni neno. Nilimwita kila mtu mjomba, hata kondakta, nikalichakaza. Uliponiambia anza kwa mjomba, nilisikia anza kwa yeyote."

Mwanaidi alipapasa jiwe lililokuwa karibu. "Mama alikuwa anapita hapa. Sura yake siikumbuki. Nikigusa haya mawe najiambia mguu wake ulikanyaga. Ndiyo yote niliyonayo, haya na njomba." Akafuta pua na ncha ya mtandio. "Ulipokwenda kwa baba, niliona umenifuta huku."

"Nifundishe. Sitarudia."

Walipoendelea Mwanaidi alitembea kando yake penye nafasi, na pasipo na nafasi alimpa mkono.

"Ungemkuta mjomba ungesema nini?" akauliza baadaye.

"Ningesema nimekosea, naomba kukuoa."

"Wewe? Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Kwa mdomo wa nani tena?"

"Faraji! Mwoaji anajiposea? Hata Kondoa?"

Akasimama. "Hata Kondoa hapana," akakiri. "Lakini watu wangu wako mbali, na wale wazee wa msikitini naona aibu kuwarudia."

Mwanaidi akacheka hadi akashika mti. Kicheko hicho Faraji alikuwa amekikosa kuliko usingizi. Kutoka chini, nyuma ya mwamba, ikaja sauti yenye pumzi fupi.

"Mimi... nipo. Mshenga... nipo. Ila nisubirini."

"Na usisahau," Mwanaidi akamwambia Faraji, "mjomba akiongea Kiswahili cha ofisini, cha M, ujue bado wewe ni mgeni kwake. Ndivyo tulivyo."

Alasiri walitokeza juu. Kwenye kibanda cha chai, mita chache kutoka ukingoni, alikaa mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kiua na koti kuukuu lililopigwa pasi, soda mbele yake haijaguswa. Alikuwa amekaa akitazama njia ya mawe. Mwanaidi alimwendea, akapiga magoti. Mjomba Ismaili akamwekea mkono kichwani, muda mrefu. Kisha akamwonyesha gari. Mambo haya msichana hakai kuyasikiliza. Akaenda akaketi kwenye Coaster na kufunga mlango, simu mkononi.

"Assalamu alaykum," Saidi akaanza, kipara kikichuruzika.

"Waalaykumu ssalaam. Karibuni. Mmetembea vizuri?"

M, Faraji akawaza. Mmetembea. Akainamisha kichwa.

"Mzee wetu, mimi naitwa Saidi, nauza viatu Sabasaba. Huyu kijana ana kosa, na kosa hilo nimelibeba kutoka bondeni. Alikuwa na mlango wa kugonga, akagonga dirisha. Leo ameushukia mlango, akaambiwa umehamia juu. Akaupandia. Tumekuja kuomba radhi kwanza. Posa ni ya pili, na ukitaka tuirudishe, tutairudisha, lakini radhi utupe."

Mjomba Ismaili akamtazama Faraji toka kichwani hadi miguuni, akakomea kwenye miguu.

"Buti hizo ni za mwanangu."

"Ni zake, mzee. Raba zangu zilikufa njiani."

"Na yeye amepandia nini?"

"Kandambili."

"Amepanda njia hiyo na kandambili," mjomba akasema taratibu, kama anaongea na mtu mwingine ambaye hayupo. "Mama yake alikuwa akipanda peku." Akachukua soda, akanywa kidogo, akaweka. "Mimi sikukasirika kwa ajili ya heshima yangu, kijana. Nilikasirika kwa ajili ya dada yangu. Akiulizwa binti yake ameombwa kwa nani, nani amjibie?"

"Nisamehe," Faraji akasema.

"Posa haijibiwi siku hiyo hiyo. Nitakaa na ndugu zangu. Jibu litaletwa kwa mshenga wako, Sabasaba."

Saidi akamfinya Faraji kwamba waage. Faraji akainuka, akaweka mkono kifuani. "Tunashukuru sana, mjomba."

"Usiniite hivyo."

Wakaganda wote. Mzee alikuwa ametazama pembeni, kule kwenye njia ya mawe, na alipoendelea sauti yake ilikuwa nyingine. Saidi akamkanyaga Faraji mguu kwa furaha, akasahau kwamba buti ni la kuazima.

Simu ya Faraji ikaita akiwa hata hajafika nusu ya uwanja. Mwanaidi alikuwa hatua chache tu mbele yake, nyuma ya kioo cha Coaster, simu sikioni.

"Kushoto."

"Naam, Kulia."

"Amesemaje?"

"Amesema nisimwite mjomba."

"Umemkosea tena! Ntu wewe, hata saa moja huwezi..."

"Amesema mjomba wangu yuko Kondoa. Yeye nimwite nkwe."

Upepo ukapita kwenye simu zote mbili.

"Kwa M," Mwanaidi akauliza polepole, "au kwa N?"

"Kwa N, Mwanaidi. Kwa N kabisa."

Faraji alimwona nyuma ya kioo akifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka. Alisimama hapo na buti zake miguuni, akamsubiri amalize kulia, na hakukata simu.